Ukuta wa Kimelea

Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa maikromita 2 hadi 4, na unene wake haufiki nusu ya maikromita. Wakipangwa mmoja nyuma ya mwingine, watahitajika mia tatu hivi kutimiza milimita moja. Hadubini ya hospitali humtazama kwa lenzi inayokuza mara 100, ikisaidiwa na ya jichoni inayokuza mara 10, huku tone la mafuta likiziba nafasi kati ya lenzi na slaidi ili mwanga usipinde na kupotea hewani. Hata hivyo, bila rangi huonekana kwa shida sana, kwani sehemu kubwa ya mwili wake ni maji na mwanga humpitia karibu bila kizuizi. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka 140 mtaalamu wa maabara amekuwa akimpaka bakteria rangi, kisha akijaribu kumnyang'anya rangi hiyo, apate kuona nani anaiachia na nani anaing'ang'ania. Jibu hutoka hasa kwenye ukuta wa seli.

Mkoa wa Simiyu, nchini Tanzania, unafaa kutafakaria jambo hili. Ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, na wilaya zake zimetanda kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa Lamadi hadi kwenye mbuga zinazopakana na Serengeti upande wa Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye mito ya mchanga inayokauka kiangazi, ambako watu na mifugo huishi karibu karibu na mara nyingine hunywa maji ya lambo moja. Kifua kikuu, kipindupindu, kimeta na homa ya mapafu ya ng'ombe ni majina ambayo wafugaji na wakulima wa huku wanayajua. Yote manne ni magonjwa ya bakteria, lakini bakteria wenyewe wametofautiana mno kwa kuta zao, na tofauti hiyo ndiyo iliyoilazimisha maabara kuwa na njia nyingi badala ya moja.

Ndani ya ukuta huo, mpangilio ni wa namna moja kwa karibu wote. Bakteria hana kiini kilichozungushiwa utando kama ilivyo kwa seli ya mtu, ya ng'ombe au ya mpamba. DNA yake, ambayo kwa wengi ni uzi mmoja uliofungana kuwa duara, imejikunja katikati ya sitoplazimu. Kando yake huweza kuwapo plasmidi, viduara vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpitishia mwenzake, mara nyingi vikiwa vimebeba vinasaba vya usugu dhidi ya dawa. Ribosomu kwa maelfu hutengeneza protini, nazo ni ndogo kuliko za binadamu na zina umbo tofauti. Dawa kama doksisaikilini hutumia tofauti hiyo kumdhuru kimelea na kumwacha mgonjwa. Utando wa seli, uliofanywa kwa mafuta na protini, huchagua kinachoingia na kinachotoka, na kwa kuwa bakteria hana mitokondria, utando huohuo ndiko nishati inakozalishwa.

Sitoplazimu hiyo imejaa chumvi, sukari na protini kuliko maji ya nje, hivyo maji huvutwa kuingia bila kukoma na kuusukuma utando kutoka ndani. Kwa bakteria wenye ukuta mnene, msukumo huo unaweza kufikia mara 20 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Utando peke yake ungepasuka. Kinachouzuia ni peptidoglikani, wavu wa minyororo ya sukari iliyoshonwa pamoja kwa vipande vifupi vya amino asidi, unaomzunguka bakteria mzima kama molekuli moja kubwa. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, huzuia ushonaji huo. Bakteria anayekua huendelea kutanuka bila mshono mpya, mwisho maji yake mwenyewe humpasua. Mwili wa binadamu hautengenezi peptidoglikani mahali popote, na hapa ndipo ilipo siri ya usalama wa dawa hiyo kwa wagonjwa walio wengi.

Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, hakuyajua haya mwaka 1884 alipokuwa Berlin akichunguza mapafu ya watu waliofariki kwa nimonia. Alitaka tu njia ya kumwonyesha bakteria katikati ya seli za mgonjwa. Utaratibu uliotokana na kazi yake unafundishwa katika kila chuo cha maabara nchini: urujuani wa kristali violeti, iodini ya kuikamatisha rangi, alkoholi ya kuiosha, halafu rangi nyekundu ya safranini, ambayo iliongezwa na waliomfuata. Bakteria wenye wavu mnene hubaki na urujuani na huitwa Gramu chanya. Wenye wavu mwembamba, uliofunikwa kwa utando wa pili wa nje, huiachia rangi kwenye alkoholi kisha huchukua wekundu. Hao ni Gramu hasi. Ilipita miongo kadhaa kabla ya kemia kueleza kwa nini. Kugawa ulimwengu wa bakteria mafungu mawili kwa chupa nne, kabla ya kujua kinachogawanywa, ni ushindi wa mkono makini na jicho lenye subira, na unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa katika vitabu vinavyoutaja kwa sentensi moja.

Bakteria wa kifua kikuu hakubali mgawanyo huo. Juu ya wavu wake wa peptidoglikani kuna tabaka la asidi za maikoliki, mafuta mazito ya nta, na rangi za Gram huteleza juu yake kama maji juu ya ngozi iliyopakwa samli. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, wakifuata tangazo la Robert Koch la Machi 24, 1882 kwamba kimelea cha ugonjwa huu kimepatikana, walijenga njia ya kuuingia ukuta huo kwa karboli fuksini. Njia hiyo ndiyo iliyobebwa kwa miaka mingi na hospitali za wilaya za Tanzania.

Kazi yenyewe huanzia nje ya jengo. Mgonjwa hukohoa mahali pa wazi penye upepo, ndani ya kikopo chenye mfuniko, mara moja siku anapofika na mara nyingine alfajiri inayofuata. Mate hayafai, yanatakiwa makohozi kutoka ndani ya kifua. Mtaalamu huchagua kwa kijiti sehemu nzito, yenye rangi ya manjano, na kuitandaza kwenye slaidi kwa miduara midogo midogo mpaka ienee sentimita 2 kwa 3. Tabaka likiwa nene litabanduka wakati wa kuosha, na likiwa jembamba bakteria watakosekana. Kipimo chake ni karatasi ya gazeti: slaidi iliyokauka ikishikwa sentimita chache juu ya maandishi, herufi ziendelee kusomeka. Slaidi hupitishwa juu ya moto ili kilichomo kigande, kisha humwagiwa fuksini nyekundu. Chini yake hupitishwa pamba iliyozungushwa kwenye ncha ya waya, ikachovywa spiriti na kuwashwa. Mvuke unapoanza kupanda kutoka kwenye rangi, moto huondolewa. Rangi haitakiwi kuchemka wala kukauka. Joto na karboli hulegeza nta, na katika dakika 5 rangi huwa imeingia. Inapopoa, nta hufunga tena.

Hapo ndipo hufuata jaribio lenyewe. Alkoholi iliyochanganywa na asilimia 3 ya tindikali ya haidrokloriki humwagwa juu ya slaidi kwa dakika 3. Wekundu hutoka kwenye seli za mgonjwa, kwenye kamasi na kwa bakteria karibu wote wengine. Wa kifua kikuu hawaachii. Bluu ya methilini hupakwa kwa dakika moja kuvipa vilivyobaki rangi ya kuvitofautisha, na chini ya hadubini huonekana vijiti vyembamba vyekundu, vilivyopinda kidogo, katika uwanja wa buluu. Msomaji hupitia maeneo 100 kabla ya kuandika kuwa hakuna. Wakiwa 1 hadi 9 katika maeneo yote, idadi yao huandikwa kama ilivyo. 10 hadi 99 ni jumlisha moja. Zaidi ya hapo alama huongezeka hadi tatu.

Udhaifu wa njia hii lazima usemwe wazi. Ili slaidi imwonyeshe bakteria kwa uhakika, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe na bakteria kati ya 5,000 na 10,000. Mtoto ambaye hawezi kukohoa makohozi, au mtu anayeishi na VVU ambaye mapafu yake hayajatoboka, anaweza kuwa na ugonjwa mkali na slaidi isionyeshe kitu. Jibu la "hawajaonekana" halikuwahi kuwa na maana ya "hawapo", na wataalamu waliolisahau hilo wamewapoteza wagonjwa.

Pamoja na udhaifu huo, slaidi hii ilibadilisha tiba duniani, na mabadiliko hayo yalianzia Tanzania. Mwaka 1977 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikishirikiana na Karel Styblo, mtaalamu wa Kicheki ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Styblo aliamini kwamba nchi maskini inaweza kuudhibiti ugonjwa huu ikiwa kila wilaya itakuwa na hadubini, msomaji aliyefunzwa, dawa zisizokatika na daftari linalomfuatilia kila mgonjwa hadi mwisho wa matibabu. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilijenga mkakati wake wa dunia nzima juu ya uzoefu huo. Ni haki watoto wa Bariadi na Maswa wafundishwe kwamba utaratibu unaofuatwa leo katika mabara mengine ulipimwa kwanza katika wilaya za nchi yao, juu ya meza za mbao, kwa rangi mbili na tindikali.

Siku hizi mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili na kuonyesha pia kama kimelea ni sugu kwa rifampisini. Nayo huanza kwa kuuvunja ukuta: ndani ya katriji, mawimbi ya sauti yasiyosikika huwapasua bakteria ili DNA yao itoke na kusomwa. Lakini DNA ya bakteria aliyekufa hubaki kifuani kwa muda, na mashine haiwezi kuitenganisha na ya aliye hai. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza dawa hufuatiliwa maendeleo yake kwa slaidi, na hadubini ina kazi yake bado. Panapohitajika kuotesha, sampuli hufungwa na kusafirishwa kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza. Huko makohozi hutiwa kwanza magadi makali ya hidroksidi ya sodiamu, ambayo huua bakteria wengine wa kinywani na kumwacha yule mwenye nta akiwa hai. Kisha hupandwa kwenye chupa yenye chakula cha mayai kilichotiwa rangi ya kijani. Bakteria wa kifua kikuu hugawanyika mara moja kwa siku moja hivi, ilhali baadhi ya wale wa tumboni hugawanyika kwa dakika 20 chakula kikiwa tele, kwa hiyo chupa husubiriwa wiki 3 hadi 8. Nta inayomlinda pia humchelewesha, kwani chakula hupenya polepole. Isoniazidi na ethambutoli, mbili kati ya dawa nne za miezi 2 ya kwanza ya tiba, zote hushambulia utengenezaji wa ukuta huu.

Kwa kipindupindu saa huenda kwa kasi nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyoripoti ugonjwa huo, na mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji, hivyo maji ya chumvichumvi na dripu haviwezi kusubiri majibu. Maabara hapa humtumikia mgonjwa wa kesho: huthibitisha kuwa mlipuko ni wa kweli na kusaidia kuchagua dawa.

Bakteria wake, vibrio, ni Gramu hasi, kijiti kilichopinda chenye flajela moja mkiani inayozunguka na kumsukuma kwa kasi ya ajabu. Utando wake wa nje humkinga dhidi ya nyongo ya tumboni, na yeye hupenda mazingira ya alkali ambayo wengine huyakimbia. Mbinu za kumtafuta zimejengwa juu ya tabia hizo mbili. Kinyesi, au pamba ya kijiti iliyochovywa humo, hutiwa kwenye maji ya peptoni yenye pH ya 8.6 na kuachwa saa 6 hadi 8. Vibrio huzaana na kupanda juu kufuata hewa, kwa hiyo mtaalamu huchota kwenye uso wa maji na kuacha ya chini. Huchota kwa kitanzi cha waya ambacho kimechomwa mpaka kikawa chekundu, kisha kikapozwa, maana waya wa moto ungewaua aliotaka kuwaokoa. Kitanzi huburuzwa kwenye ukingo mmoja wa sahani ya agari, huchomwa tena, huburuzwa kuvuka mistari ya kwanza, na hivyo hivyo mpaka katika mistari ya mwisho bakteria wameachana mmoja mmoja. Kila mmoja, katika joto la nyuzi 37, huzaa koloni lake. Sahani inayotumiwa ina nyongo, sukari ya miwa na rangi inayobadilika kwa tindikali. Ni ya kijani inapoingia kwenye kabati la joto jioni. Asubuhi, kama vibrio wa kipindupindu wamo, hukutwa makoloni bapa yanayong'aa, ya milimita 2 hadi 4, na pale walipo kijani kimegeuka manjano kwa sababu wameichachua sukari.

Manjano peke yake haitoshi, kwa sababu wapo ndugu zake wasio na madhara wanaofanya vivyo hivyo. Koloni huhamishiwa kwenye agari ya kawaida, kisha chembe yake huchanganywa kwenye slaidi na kinga dhidi ya kundi la O1. Molekuli za sukari zilizochomoza kwenye utando wa nje zikitambuliwa na kinga hiyo, bakteria hushikana na kuganda vichembe vinavyoonekana kwa macho katika muda usiofika dakika moja. Hapa napo aliyeulizwa na aliyejibu ni sehemu ya nje ya seli.

Agari inayowabeba bakteria hao ina historia inayopendeza. Maabara ya Koch ilisumbuliwa na jelatini, ambayo huyeyuka katika joto la mwili na huliwa na baadhi ya bakteria. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti na mchoraji wa picha zao, alipendekeza agari, aliyokuwa akiitumia jikoni kugandisha vyakula. Hutoka kwenye mwani mwekundu, huyeyuka karibu na joto la maji kuchemka na huganda karibu na nyuzi 40. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni wa jamii nyingine; huo hutoa karajinani, ambayo haikuchukua nafasi ya agari katika maabara.

Upande wa mifugo kuna bakteria asiye na ukuta kabisa. Homa ya mapafu ya ng'ombe huletwa na maikoplazima, aliyezungukwa na utando peke yake ulioimarishwa kwa kolesteroli anayoichukua kwa mnyama. Hana umbo maalumu, hujipenyeza kwenye vichujio vinavyowazuia bakteria wengine, na rangi za Gram hazimkamati. Mfugaji anayemchoma ng'ombe wake penisilini anatupa fedha yake, kwani dawa hiyo hushambulia kitu ambacho kimelea hana. Ugonjwa huu ulirudi Tanzania mwaka 1990 baada ya nchi kuwa salama kwa robo karne hivi. Chanjo inayotegemewa Afrika, T1/44, ilitokana na kimelea dhaifu kilichopatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikapitishwa kwenye mayai ya kuku mara 44.

Kimeta kipo upande wa pili kabisa. Bakteria wake ni mkubwa, Gramu chanya mwenye ukuta mnene, na akiwa ndani ya damu hujivika juu yake ganda laini linalomkinga na seli za mwili. John M'Fadyean alionyesha mwaka 1903 kwamba bluu ya methilini iliyozeeka hulifichua ganda hilo: katika tone la damu lililokaushwa kwenye slaidi, vijiti vya buluu vyenye ncha za mraba hukaa katika minyororo, vimezungukwa na ukungu wa waridi. Tone hilo huchukuliwa kwenye mshipa wa sikio la mnyama, na mzoga haupasuliwi. Sababu yake ni ya kibaiolojia: ndani ya mzoga uliofungwa hakuna oksijeni, na bila oksijeni bakteria huyu hawezi kujigeuza spora. Damu ikimwagika ardhini, hujigeuza. Spora haili wala haizai. Ina tabaka juu ya tabaka la protini, imekaushwa ndani, DNA yake imefungwa pamoja na chumvi ya kalisi, na katika udongo hungoja kwa miongo kadhaa. Katika eneo ambalo ng'ombe na nyumbu hula majani ya uwanda mmoja, kumpasua mnyama aliyekufa ghafla ni kuipanda ardhi ugonjwa ambao wajukuu wataukuta.

Koch ndiye aliyeifuatilia spora hiyo kwa mara ya kwanza, mwaka 1876. Miaka 30 baadaye, 1906, alipita Mwanza akielekea visiwa vya Sese, Uganda, kutafuta tiba ya malale. Dawa ya Atoksili aliyowapa wagonjwa huko iliwapofusha baadhi yao. Mbinu zake ni urithi wa kila maabara; mateso ya wagonjwa wale wa ziwani yanapaswa kusimuliwa pamoja nazo.

Spora pia ndiyo iliyoweka kanuni ya kazi ya mwisho ya siku. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 huua karibu bakteria wote walio hai, lakini spora hustahimili. Kwa hiyo sahani zilizotumika, vikopo na mirija huingizwa kwenye otoklevu, chombo kinachofungwa na kujazwa mvuke wenye mgandamizo hadi nyuzi 121, na hukaa humo kwa dakika zisizopungua 15, zaidi ikiwa mzigo ni mkubwa. Kipimo cha chombo hakiaminiwi peke yake. Pamoja na taka huwekwa kichupa chenye spora za bakteria asiyedhuru, mpenda joto kali, aitwaye Geobacillus stearothermophilus. Baada ya mzunguko, kichupa hicho huoteshwa kwa nyuzi 55 hadi 60. Kisipobadilika rangi, taka hutolewa nje. Kikibadilika, mzigo wote hurudishwa ndani na chombo hufanyiwa matengenezo.